Uliza Umri Kwanza: Kutafuta Chanzo cha Tatizo kwenye Banda la Nyumbani

Jirani yangu alinijia asubuhi na mapema, kofia mkononi, na ndani ya kofia kifaranga. "Mwalimu, huyu anaharisha nyeupe. Nimpe dawa gani?" Nikamuuliza ana umri gani. Akanitazama kama mtu aliyeuliza njia akajibiwa saa. Lakini ndilo swali lenyewe. Mharo mweupe kwa kifaranga wa siku nne ni jambo moja, kwa kifaranga wa wiki nne ni jingine kabisa, na kwa mtetea wa miaka miwili huenda si tatizo lolote, maana ule weupe ulio juu ya kinyesi cha kuku ni mkojo wake tu.

Hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, kama ilivyo Busia au Mbale, wengi wetu si wafugaji wa biashara. Tuna kuku kumi, ishirini, wanaolala kwenye kibanda nyuma ya jiko, na tunawapenda kuliko hesabu inavyoruhusu. Kuku akizubaa tunakimbilia dukani. Muuza dawa anauliza mharo una rangi gani, anakupimia unga wa njano kwenye karatasi, unautia majini, basi. Kuku akipona tunausifu unga. Mara nyingi angepona hata kwa maji matupu, na mara nyingine alikuwa wa kufa tu, kwa sababu kilichomshika si kitu kinachouawa na antibiotiki.

Rangi ya mharo hudanganya, kalenda hudanganya kidogo. Ndiyo maana mimi huanza na maswali matatu: kuku ana umri gani, dalili zimeanza lini, na wameugua wangapi kati ya wangapi. Nimepanga maelezo haya kwa umri, kuanzia yai.

Siku ya 21 imepita, mayai hayajaanguliwa

Usiyatupe bado. Subiri mpaka siku ya 23, kisha yavunje moja moja nje, mbali na dirisha la mtu, uone kila kifaranga kilifia siku gani. Harufu yake si ya mchezo, lakini hakuna somo jingine la bei hiyo.

*Ndani mna kiini na ute tu, hakuna damu.* Huenda yai halikupata jogoo. Kuna njia rahisi ya kujua kabla hujapoteza wiki tatu: vunja mayai matatu mabichi ya chai ya asubuhi, utazame doa jeupe juu ya kiini. Doa likiwa duara lililozungukwa na pete, yai lina mbegu. Likiwa nukta ndogo nzito yenye kingo zisizo na mpango, halina. Kama hayana mbegu, muangalie jogoo. Mmoja anatosha mitetea minane mpaka kumi; ukimpa ishirini, kuna ambao hatawafikia, na wenye mgongo ulionyonyoka manyoya watakuonyesha ni wepi anaowapenda. Majogoo wawili kwenye uwanja mdogo hushinda wakipigana. Na ukibadilisha jogoo, mpe kama wiki mbili kabla ya kuanza kukusanya mayai ya kutotolesha.

Kama doa ni zuri na bado mayai yanatoka viza, tatizo liko kwenye kuhifadhi. Piga hesabu: kuku wa kienyeji anataga yai moja kila siku mbili, nawe unataka mayai kumi na mawili ya kumwekea. La kumi na mbili likitagwa, la kwanza lina zaidi ya wiki tatu. Baada ya siku saba nguvu ya yai huanza kushuka, na jikoni karibu na sigiri hushuka haraka zaidi. Weka mahali penye ubaridi, ncha ikiwa chini, na kila jipya likija liandike tarehe kwa penseli.

*Kuna pete ya damu.* Kimekufa katika wiki ya kwanza. Ama joto liliyumba, ama yai lilikuwa la zamani, ama lilitikiswa. Ukinunua mayai Mbale ukayapakia kwenye boda boda mpaka Tororo, yaache yatulie usiku mmoja kabla ya kuyaweka kwenye mashine ya kutotolesha au chini ya kuku.

*Kimekufa katikati, kati ya wiki ya pili na mwanzo wa ya tatu.* Hawa kwa kawaida ni wachache. Wakiwa wengi, na mashine haikupata joto kali, tazama wazazi wanakula nini. Mtetea anayeishi kwa pumba za mahindi peke yake hutaga yai lenye kila kitu isipokuwa vitamini, na kifaranga huishiwa njiani.

*Kifaranga kamili, manyoya yote, hajadonoa hata ganda.* Hapa ndipo wenye mashine tunapolia. Mashine yenye feni inataka nyuzi 37.5, isiyo na feni inasomwa usawa wa juu ya mayai na inataka karibu 38.5. Usikiamini kipimajoto kilichokuja na mashine. Kitumbukize kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu pamoja na kile cha kupimia homa ya mtoto, uone kama wanasema lugha moja. Changu kilikuwa kimekosea kwa nyuzi moja na nusu, na nilikitegemea kwa matoleo mawili mazima. Unyevu uwe asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha 65 hadi 70. Yageuze mara tatu au tano kwa siku, uache siku ya 18. Asiyegeuza hupata vifaranga waliokaa vibaya ndani, kichwa upande wa ncha, wasioweza kutoka.

*Amedonoa tundu, akakwama.* Utando umemkaukia. Mara nyingi chanzo ni wewe: ulifungua kifuniko kila nusu saa kutazama wangapi wametoka, na kila ukifungua unyevu unatoroka. Najua ilivyo vigumu. Mimi hufunika kioo kwa kitambaa nisijaribiwe.

Wakianguliwa siku ya 19 au 20, joto lilikuwa juu. Wakichelewa mpaka 22 au 23, lilikuwa chini. Umeme ukikatika usitaharuki: funika mashine kwa blanketi, na ukiona giza linazidi weka jerikani la maji ya moto kando yake. Yai huvumilia kupoa kwa saa chache vizuri kuliko linavyovumilia kupata moto kupita kiasi hata kwa muda mfupi.

Anayeatamisha kuku hana mambo ya umeme, ana yake. Mitetea wengine huingia kwenye kiota chake wakati ametoka kula, wakaongeza mayai yao. Siku ya 21 vifaranga sita wanatoka, mama anaondoka nao, na yale mayai yaliyoongezwa, ambayo yako siku ya 14, yanapoa yakafa. Ndiyo sababu ya penseli: weka alama mayai yote siku moja, na lolote lisilo na alama litoe. Akiacha kiota wakati wa usiku au akikaa amesimama juu ya mayai, pitisha kidole kwenye majani ya kiota. Kikirudi na vitu vidogo vinavyotembea, ni utitiri, na hakuna koo anayeweza kuatamia akiliwa.

Sababu moja huchelewa kuonekana: jogoo ambaye ni baba wa mitetea wako, na mwaka jana alikuwa baba wa mama zao. Kila toleo linapungua na huoni kosa popote. Badilishana jogoo na mtu wa kijiji kingine. Na kama unafuga Kuroiler au Sasso, mayai yao yataanguliwa, ila watoto hawatafanana na wazazi, kwa kuwa wazazi wenyewe ni chotara. Mitetea wao pia ni nadra kuatamia. Mayai yao mwekee kuku wa kienyeji, atayalea bila kuuliza.

Wanakufa wiki ya kwanza

Kifaranga wa kwenye kofia alikuwa na siku tano. Kinyesi kilikuwa kimemgandia nyuma kama gundi, tundu limezibika. Nilimuuliza jirani analala wapi. "Kwenye boksi, sebuleni." Na joto? "Sebule si baridi." Hapo ugonjwa ulikuwa umeshapatikana.

Kifaranga hana uwezo wa kujipasha joto siku za mwanzo. Anataka karibu nyuzi 33 wiki ya kwanza, kisha unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki. Tororo mchana unaweza kudhani dunia nzima ni joto, lakini saa kumi alfajiri, hasa mvua za Aprili zikinyesha, ni habari nyingine. Nenda uwatazame saa hiyo, usiwatazame saa nane mchana. Wakiwa wamerundikana katikati wakilia kwa sauti kali, wana baridi. Wakiwa wamejibana pembeni mabawa wazi, wakihema, wana joto. Wakiwa wamesukumwa upande mmoja wote, upepo unaingia kutoka upande wa pili. Wakiwa wametawanyika na kuongea kwa sauti ya chini, kalale.

Aliyeganda nyuma mwoshe kwa maji ya vuguvugu na pamba, usimng'oe manyoya, mkaushe, mrudishe kwenye joto. Wengi hupona kwa hilo tu. Wa jirani alipona.

Sasa niseme kosa langu, maana lilinigharimu. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua vifaranga arobaini. Usiku ukawa baridi, nikaingiza sigiri yenye makaa ndani ya chumba chao, nikafunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa gunia. Asubuhi kumi na saba walikuwa wamelala kama walivyolala, bila alama yoyote, bila kuharisha. Nikaenda dukani, nikapewa antibiotiki, nikawanywesha waliobaki siku tano. Hewa ya makaa ndiyo iliyowaua, na usiku wa pili nilikuwa nimeshaanza kuwasha tena. Makaa yawashwe nje mpaka moshi uishe, yaingizwe ndani ya chungu, na juu ukutani pawe na tundu la hewa kutoka. Na wewe usilale humo.

Wakifa wachache wenye tumbo kubwa laini, kitovu kibichi na harufu mbaya, vijidudu viliingilia kitovuni. Hakuna dawa ya maana kwa hao. Chanzo ni mayai yenye kinyesi au mashine isiyooshwa tangu toleo lililopita. Wakifa wengi, siku ya nne mpaka ya kumi, wote na mharo mweupe hata kwenye joto la kutosha, na toleo lililopita kutoka kwa wazazi hao hao lilikuwa hivyo, shuku ugonjwa unaopitia ndani ya yai kutoka kwa mama. Huo unataka maabara. Hata waliopona usiwafanye wazazi, kwani watauendeleza.

Miguu iliyofunguka kama mkasi ni ya sakafu inayoteleza. Gazeti halifai siku za mwanzo. Funga miguu kwa uzi laini, upana wa kawaida katikati, siku mbili tatu, umwekee maganda ya kahawa au makapi ya mpunga. Huku kwetu makapi hupatikana kirahisi kwa ajili ya mashamba ya Doho na Kibimba.

Wiki ya pili hadi ya nane

Umri huu ndio wenye mitego, kwa sababu magonjwa mawili hukutana humo na yote mawili hukuletea kifaranga aliyejikunyata, manyoya yamesimama, macho yamefumba.

Kuhara damu hupenda wiki ya tatu mpaka ya sita. Matandiko yakilowa, vimelea vilivyo kwenye kinyesi hukomaa na kuliwa upya. Dalili ni kinyesi chenye damu au rangi ya matofali, kilemba kimefifia, na huanza kwa wachache halafu huongezeka siku baada ya siku. Kabla ya dawa, shika matandiko kiganjani ukamue. Yakishikamana kama unga wa ugali, hapo ndipo palipo na ugonjwa. Mara nyingi chombo cha maji ndicho kinachovuja. Kiinue juu ya matofali mpaka usawa wa mgongo wa kifaranga. Dawa yenye amproliamu hutibu vizuri ikiwahi. Onyo dogo ambalo halisemwi dukani: dawa hiyo hufanya kazi kwa kuvinyima vimelea vitamini B1, kwa hiyo usichanganye na pakiti ya vitamini wakati huo huo. Unatibu kwa mkono mmoja na kuharibu kwa mwingine. Vitamini ni baada ya dozi kuisha.

Gumboro pia hupiga wiki ya tatu mpaka ya sita, lakini mwendo wake ni tofauti. Leo wote wazima, kesho nusu wamelala, mharo mweupe wa majimaji, wengine wakijidonoa nyuma, vifo hupanda siku tatu au nne kisha hushuka vyenyewe. Ukimpasua aliyekufa utaona mistari ya damu kwenye nyama ya paja. Ni kirusi, hakina tiba. Kazi yako ni maji safi, joto na utulivu, na toleo lijalo kuchanjwa kwa ratiba ya mtoaji vifaranga. Anayekuuzia vifaranga muulize wameshachanjwa nini, siku gani, na uandike.

Swali la "lini" ndilo linalotenganisha magonjwa hayo mawili: polepole na damu, au ghafla na nyeupe.

Wakipotea bila maiti, hakuna ugonjwa. Mchana ni mwewe, usiku ni kicheche au paka, na wakikutwa asubuhi wamebaki mifupa na manyoya ni siafu, ambao mvua zikianza huhama. Majivu mengi ya moto kuzunguka kibanda huwageuza njia.

Tembe na pora

Miezi mitatu mpaka sita kuku husumbua kidogo. Akilala mguu mmoja umeenda mbele na mwingine nyuma, na bado anataka kula, fikiria Mareksi, ambayo chanjo yake hutolewa siku ya kwanza tu ya maisha. Kuku wa kununua awe ameipata. Wetu wa kuanguliwa nyumbani kwa kawaida hawana. Hakuna tiba.

Vinundu vyeusi kwenye kilemba na kando ya macho ni ndui, inayoletwa na mbu. Isiyoingia kooni hupona yenyewe kwa wiki chache. Paka mafuta, usibandue. Uso uliovimba upande mmoja, jicho limefumba, pua inanuka, ni mafua ya kuku, na hapa antibiotiki inasaidia kweli, kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Lakini kama kuku ishirini wote wanapiga chafya na hakuna aliyevimba, inama mpaka usawa wa vichwa vyao uvute pumzi. Macho yako yakiwasha, ni mkojo uliooza kwenye matandiko. Ondoa matandiko, fungua ukuta.

Hawatagi

Nilimpa mtetea dawa ya minyoo, nikamwongezea chakula cha kununua, nikamtishia kisu. Mwezi uliofuata mtoto akafuata mpira kwenye kichaka nyuma ya choo akarudi na mayai kumi na tisa ndani ya fulana. Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya yote: wafungie bandani mpaka saa tano asubuhi kwa siku tatu. Kama mayai yanaonekana, hawakuwa wameacha kutaga, walikuwa wamehama.

Hatua ya pili ni umri tena. Tembe wa kienyeji huanza karibu miezi sita au saba. Usimfananishe na kuku wa mayai wa kisasa anayeanza wiki ya 18 mpaka ya 20. Kuku wa kienyeji hutaga kumi mpaka kumi na tano, kisha huatamia, kisha hulea. Huyo hajaharibika, anafuata ratiba ya bibi yake. Akizidi mwaka mmoja na manyoya yanadondoka kila pembe, ananyonyoka, na kutaga kutarudi baada ya miezi miwili au mitatu.

Wanaosoma maelekezo ya Ulaya watakuambia uweke taa kwa sababu mchana umefupika. Kule ni kweli, majira ya baridi mchana hufupika sana na kuku husimama kutaga. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, mchana wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Taa inaweza kumwongezea kidogo kuku wa mayai wa kisasa, anayetaka mwanga wa saa 14 hadi 16, lakini wako akiacha kutaga Julai, jua halina hatia.

Baada ya hapo tazama maji. Mtetea mmoja hunywa karibu robo lita kwa siku, mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na siku moja ya chombo kikavu huonekana kwenye mayai ya juma zima. Kisha chakula. Anataka kama gramu 110 mpaka 120 kwa siku, protini asilimia 16 au 17. Wengi tunajichanganyia: mahindi, pumba, soya, mukene (dagaa), maganda ya konokono wa ziwani. Mashaka yangu huwa kwenye mukene. Wanaanikwa mchangani, na mchanga hulipiwa kwa kilo sawa na samaki. Tia konzi kwenye ndoo ya maji, koroga, mimina. Kinachobaki chini ndicho ulichonunua. Mahindi nayo, kama punje zina ukungu wa kijani au kijivu, usiseme "hizi ni za kuku". Sumu ya ukungu huharibu ini, kutaga hushuka taratibu, kinga hupungua, na utaona kila ugonjwa mdogo unawashinda bila kujua kwa nini.

Ganda laini au yai lisilo na ganda: kwa tembe anayeanza ni kawaida wiki za mwanzo. Kwa aliyekomaa ni chokaa kukosekana, au joto kali linalompunguzia hamu ya kula. Maganda yaliyosagwa yawekwe kwenye chombo chake pekee, atachukua anachohitaji. Yakiwa laini kwa wote ghafla, na yenye mikunjo, na kuku wanakohoa, basi ni kirusi.

Wahenga walisema kuku havunji yai lake. Wahenga hawakuwaona wangu. Akishaonja yai moja lililopasuka, hufundisha wenzake. Okota mara mbili kwa siku, kiota kiwe na giza na majani ya kutosha, kiota kimoja kwa mitetea watano. Aliye na ute mdomoni asubuhi ndiye mwalimu wao. Mtenge, na akirudia, wageni wakija unajua la kufanya.

Mtetea anayeingia na kutoka kiotani, mkia chini, akijikakamua kama mtu aliyefungwa choo, amekwama yai. Mkalishe kwenye beseni la maji ya vuguvugu nusu saa, umpake mafuta ya kupikia nyuma. Usimkamue tumbo. Yai likivunjika ndani, umempoteza.

Kudonoana mpaka damu ni kubanana, au mwanga mkali, au protini pungufu. Kuku wanne au watano kwa mita moja ya mraba, si zaidi. Mwenye jeraha atoke siku hiyo hiyo.

Wanakufa wa umri wote kwa pamoja

Hapa umri unajibu kwa kutojibu. Vifaranga, pora, mitetea na jogoo, wote ndani ya siku chache, mharo wa kijani, mabawa yameshuka, kuhema mdomo wazi, shingo imepinda kichwa kikitazama juu: huu ni mdondo, wengine huuita kideri. Huku hupenda kiangazi, kati ya Desemba na Februari, na si bahati mbaya. Ndiyo majira kuku wanapozunguka sana, kununuliwa kwa ajili ya Krismasi, kurudishwa sokoni, kuletwa zawadi na shangazi.

Hauna tiba. Kumchanja aliyeugua ni kuchelewa, na kumuuza haraka kabla hajafa ni kumpelekea jirani msiba. Waliokufa wachomwe au wazikwe kwa kina. Chanjo ya tone moja jichoni, ile inayovumilia joto kidogo, hurudiwa kila miezi mitatu au minne, dozi ile ile kwa kifaranga na jogoo. Gharama hupungua mkigawana chupa na majirani, kwa kuwa chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako. Ile ya kutia kwenye maji ya kunywa isikutane na klorini: tumia maji ya mvua au ya kisima, au tia kijiko kidogo cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba hiyo ifungwe mbali na banda. Siku 21, chombo chake, maji yake, na wewe umhudumie wa mwisho.

Vifo vya ghafla vya namna hii visikuishie mdomoni. Mwaka 2017 homa ya mafua ya ndege ilithibitishwa Uganda kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, na kwa kuku na bata huko Masaka, na kwa macho haitofautiki na mdondo. Usichinje, usile, usiwape mbwa. Mwite afisa mifugo wa wilaya.

Ukiamua kumpeleka kwa daktari

Peleka aliye mgonjwa sasa hivi, pamoja na aliyekufa leo. Wa jana ameshaharibika. Maiti iingie kwenye mifuko miwili ya plastiki, juu ya barafu, bila kugandishwa. Ukipewa dawa, soma kwenye pakiti siku ngapi usile mayai wala nyama, usiwauzie watu pia. Na mfukoni uwe na karatasi yenye mistari mitano: umri, idadi ya wote, idadi ya wagonjwa, siku ya kwanza ya dalili, chanjo na tarehe zake. Ya jirani yangu siku hizi imebandikwa ndani ya mlango wa banda kwa misumari, na penseli imefungwa kwa uzi pembeni.